Bluberi kwenye joto la Fresno: someni hapa kabla ya kunitumia meseji

Kila joto likianza napokea picha zilezile za majani ya njano na swali lilelile: "Mkuu, niweke nini?" Naandika mara moja tu. Huku Fresno, California, kuanzia Juni mpaka Septemba mvua karibu hamna, na joto linapita 38°C. Kulima bluberi inawezekana, ila fuateni.

1. Aina: za kusini mwa Marekani, zisizodai baridi nyingi, kama Sunshine Blue, Misty au Jewel. Panda mbili tofauti, punje zitanenepa.

2. Chungu: lita 50 au zaidi, cheupe. Cheusi kinapika mizizi.

3. Udongo: piti (mimea iliyooza ya kinamasi, huuzwa ikiwa kavu), magome laini ya msonobari na udongo wa dukani wa maua ya azalea, sawa kwa sawa. Piti iloweke kwanza kwa maji ya vuguvugu. Ikiwa kavu maji yanapita pembeni, juu unaona unyevu kumbe ndani vumbi.

4. Maji. Hapa ndipo miche yangu ya kwanza iliishia, na ndipo yenu inapoishia. Bluberi inataka pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali inazidi) ya 4.5 hadi 5.5. Maji ya huku mengi yanazidi 7 na yana bikaboneti, kwa hiyo kila ukimwagilia ni kama unatia chokaa. Machi mti unacheka, Agosti majani ni ya njano na mishipa imebaki ya kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, mti ndio hauwezi kukichukua. Anza na vijiko 2 vya chakula vya siki nyeupe kwa lita 4 za maji, kisha pima kwa karatasi za pH mpaka ikaribie 5. PIMA, maji ya kwangu si ya kwako. Nguvu ya siki haidumu, kwa hiyo ni kazi ya kila mara. Usimwage siki tupu. Salfeti ya alumini usiguse, inaumiza mizizi. Wakulima wakubwa wa bonde hili wanatia tindikali ya salfuriki kwenye maji ya matone. Wewe wa uani usijaribu.

5. Matandazo: vipande vya mbao, sentimita 8, visiguse shina. Mizizi iko juujuu na haina vinyweleo.

6. Kivuli kuanzia saa nane mchana.

7. Mbolea: SA (salfeti ya amonia), kidogokidogo. CAN (ya kalsiamu na naitreti) hapana. Samadi hapana.

8. Maua ya mwaka wa kwanza yatoe yote.

MASWALI

Mzee wa Modesto: Samadi ya kuku je?
— Hatua ya 7.

Mzee wa Modesto: Lakini bibi yangu aliweka samadi na kila kitu kilimea.
— Bibi alilima mahindi. Samadi ina chumvi na inapandisha pH. Hatua ya 7, mzee wangu.

Mama Neema: Kaka, masimbi ya kahawa si yana tindikali?
— Dada, sehemu kubwa umeshainywa. Yatupie kwenye mboji.

Chipukizi: Wa kwangu uko ardhini. Niliweka salfa Desemba, leo nimepima, pH haijashuka. Kwa nini?
— Umepima! Mungu akubariki. Salfa yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza, nao wanataka joto na unyevu; Desemba wamelala. Wape miezi kadhaa ya joto, usiongeze leo. Ni salfa ileile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara, ila pale inapambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Kwa shimo jipya, iweke mwaka mmoja kabla ya kupanda.

Chipukizi: Asante. Na ndege?
— Wavu, kabla punje hazijageuka rangi. Ubebe kwa fremu ya mabomba ya plastiki. Ukilalia mti wanadonoa kupitia matundu. Na usichume punje siku inapogeuka bluu. Tazama upande wa kikonyo: ukiwa bado na wekundu, ngoja siku tatu nne.