SOMO: Kushukuru wakati unamuuguza mtu nyumbani (soma lote kabla hujauliza)

Kila wiki naulizwa nilifanyaje nikaacha kulia bafuni. Mama kiharusi kimemlaza, huu mwaka wa tatu, tuko hapa Pasua, Moshi. Naandika mara moja, tafadhali msome mpaka mwisho.

1. Tafuta daftari. La shule linatosha.

2. Chagua saa. Mimi ni alfajiri, nikishambadilisha mama.

3. Anza na kinachouma, ndipo ushukuru. Hapa niliharibu. Miezi miwili niliandika "Nashukuru mama yu hai", maneno yale yale, kwa sababu kila ndugu aliyepiga simu alisema, "Shukuru Mungu, wenzio hawana mama." Hasira nikaifukia. Siku moja uji ukamwagika kwenye shuka niliyotoka kuitandika, nikamfokea mama mpaka akajifunika uso kwa ule mkono mmoja unaosogea. Jamani, shukrani isiwe ya kujiziba mdomo! Wala usijipime na mwenye shida kubwa kuliko yako, utaishia kujilaumu. Sasa naandika: "Nimeamka mara nne, mgongo unauma." Chini yake: "Mlima ulifunguka, nikamgeuzia mama dirishani, tukautazama mpaka mawingu yakaufunika."

4. Kitu kimoja tu, kitaje chenyewe. Usiandike "majirani". Andika mtori ulioletwa jana bila wewe kuomba.

5. Mara moja kwa wiki, mwambie mhusika asante kwa mdomo.

MASWALI

— Kwa kifupi hatua ni zipi?

Ziko tano, hapo juu.

— Mimi nahitaji hela ya pampasi, sio daftari.

Hata mimi nazinunua, na sijasema daftari linalipa. Rudia hatua ya 3.

— Shikamoo dada. Ni lazima kila siku? Namuuguza babu, kuna siku sipati hata dakika tano.

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Si lazima. Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2003 walitoa utafiti ambao wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, wiki 10. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao mazuri kuliko walioandika kero tu. Ndiyo maana nasema kinachouma kiandike, ila usiishie hapo. Na kama hupati usingizi kabisa au unawaza kufa, daftari halitoshi, nenda hospitali leo.

— Unamgeuza mama kila baada ya muda gani? Wangu ngozi ya kiunoni imebadilika rangi.

Kila saa mbili, na usiku pia. Mto mrefu katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Hapo palipobadilika usipasugue, na nesi apaone mapema kabla hapajachubuka.

— Mto mrefu hivyo umeupata wapi?

Nimeushona mwenyewe, khanga mbili kuukuu na mabaki ya sponji kwa fundi makochi. Kesho nikishamwogesha mama nitakuwekea vipimo.