Somo: Kuikinga aloi ya alumini 2024 kwa utando wa kromati kabla ya praima

Aloi ya 2024-T3, inayotumika sana kwenye bodi za ndege, ina shaba asilimia 3.8 hadi 4.9. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na ndiyo inayoiponza: maji ya chumvi yakifika, alumini iliyozizunguka chembe zenye shaba huliwa na vishimo hutokea. Utando wa kromati hutokana na alumini yenyewe kumenyuka na dawa yenye kromati (hapa tunatumia Alodine 1201), ndiyo maana praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, hushika vizuri juu yake. Lakini dawa isipoigusa alumini tupu, hakuna utando. Kazi kubwa ni usafi.

Tahadhari kwanza. Alodine 1201 ina kromi-6, aina ya kromi yenye sumu inayosababisha saratani. Vaa glavu za nitraili, miwani ya kuzuia marusho na aproni. Utando ukishakauka usiupige msasa. Vumbi lake likivutwa ndilo hatari kubwa.

1. Futa mafuta kwa asetoni na kitambaa cheupe. Pangusa kabla asetoni haijakauka, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke cheupe.

2. Changanya kipimo 1 cha Alumiprep 33 (asidi ya kusafishia alumini) na vipimo 3 vya maji, ukimimina asidi ndani ya maji. Paka, usugue kwa Scotch-Brite (kisuguzi cha nyuzi za plastiki) dakika 1 hadi 2, na isikauke juu ya bati la alumini. Usitumie steelwool wala brashi ya chuma: chembe za chuma hubaki kwenye alumini na ulaji huanzia hapo.

3. Suuza kwa maji mengi, kisha litazame bati. Maji yakitandaa bila kukatika kwa sekunde 30, endelea. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo. Rudi hatua ya kwanza. Usiiruke hatua hii hata kama bati linang'aa.

4. Bati likiwa bado limelowa, paka Alodine kwa brashi ya nailoni kutoka chombo cha plastiki. Iache dakika 2 hadi 5, ukiongeza dawa ili isikauke. Rangi ya dhahabu ikitokea, inatosha.

5. Suuza taratibu bila kusugua, kwani utando mbichi ni laini. Malizia kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi yake). Kausha kwa hewa, kisha paka praima kabla ya saa 24 kupita.

MASWALI

Fundi, bati langu limebaki na rangi hafifu sana. Nirudie?
Kama ni bati lenye tabaka la alumini safi juu (Alclad), rangi hafifu ni ya kawaida. Kasoro ni mabaka: sehemu ina dhahabu, sehemu haina. Hapo rudia tangu hatua ya kwanza.

Nikipangusa, unga wa njano unatoka. Kwa nini?
Dawa ilikaa muda mrefu mno, au haikusuuzwa vizuri. Utando mnene si bora. Huachia pamoja na praima. Uondoe ukiwa umelowa, kwa Alumiprep, uanze upya.

Naweza kuharakisha kwa bunduki ya hewa moto?
Hapana, ndugu. Usivuke nyuzi 60 za Selsiasi. Utando una maji ndani yake; yakifukuzwa, utando hupasuka, na kromi-6 inayopaswa kusogea kuziba mikwaruzo hukwama.

Dawa hiihii inafaa kwa magnesiamu?
Hapana. Magnesiamu ina dawa zake na taratibu zake.

Maji ya kusuuzia na vitambaa nitupe wapi?
Maji yote, hata ya kusuuzia vitambaa, yakusanye, yasiingie mtaroni. Kwenye karakana yenye vipimo, pH (kipimo cha uasidi) hushushwa hadi 2 au 3, huwekwa sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayopunguza sumu ya kromi-6, mpaka njano igeuke kijani, kisha chokaa hupandisha pH hadi 8 au 9 na kromi hutuama. Tope hilo bado ni taka ya sumu, likabidhiwe kwa wenye kibali. Vitambaa visuuze kabla ya kuvihifadhi: vikikauka na dawa vinaweza kushika moto.