Kanga na kofia: kufundisha "he" na "she"

Kidato cha kwanza hapa Tanzania ndipo Kiingereza kinapogeuka lugha ya kufundishia, baada ya mtoto kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kosa ninalolisikia kila Januari ni "My mother, he is cooking." Usimkaripie. Kiswahili kina "yeye" tu. Baba na mama wote wamo humo.

Mimi huingia darasani na kanga na kofia. Aliyejifunga kanga ni mama, aliyevaa kofia ni baba. Wanasimama mbele na kuigiza kazi bila kusema neno: mmoja anafagia, mwingine amekalia mbuzi anakuna nazi. Darasa linataja: "She is sweeping." "He is grating a coconut." Kisha waambie wabadilishane ghafla, kofia iende kwa aliyekuwa na kanga. Hapo ndimi hukwama, na hapo ndipo wanapojifunza hasa. Wape muda, usiwatajie jibu.

Ukiwa na wanafunzi sabini, wagawe kwa safu, kila safu na kanga yake. Sarufi iandike ubaoni mwishoni. Dakika tano zinatosha.