Jinsi ya kufuatilia antijeni ya melanoma hadi kwenye protini yake

Antijeni ya melanoma, yaani kitu ambacho kinga ya mwili hukitambua kwenye saratani hiyo ya ngozi, si aina ya pekee ya protini. Mara nyingi ni protini ya kawaida ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, au kipande chake kifupi ambacho kinga ya mwili imekitambua. Kwa hiyo anza na swali hili: jina ulilonalo ni la protini nzima au la kipande?

Chukua Melan-A, iitwayo pia MART-1. Ingia kwenye UniProt, hifadhidata ya protini mtandaoni, tafuta Q16655, ambayo ni namba yake humo. Utakuta protini yenye asidi amino 118. Pakua mfuatano wake (kila herufi ni asidi amino moja) kama faili la FASTA, yaani maandishi matupu, kwa sababu kwenye ukurasa herufi hupangwa kumi kumi na nafasi katikati, na kipande kinaweza kukatika usikione. Sasa tafuta EAAGIGILTV. Kinaanzia nafasi ya 26 hadi 35.

Kipande hicho hukatwa ndani ya seli na proteasomu (mashine ya seli inayokatakata protini), kisha hushikwa na molekuli ya HLA na kuonyeshwa juu ya seli, mahali seli T, ambazo ni seli za kinga, hukiona. HLA-A*02:01, mojawapo ya aina za HLA, hushika vizuri kipande chenye asidi amino lusini (L) au methionini (M) katika nafasi ya pili, na valini (V) au lusini mwishoni. Hiki chetu kina valini mwishoni, ila ya pili ni alanini (A), hivyo hushikwa kwa ulegevu. Ndiyo maana watafiti wengi hutumia ELAGIGILTV, ambamo A ya nafasi ya pili imebadilishwa kuwa L. Ukikitafuta hicho kwenye protini ya asili hutakipata. Rudisha L iwe A.

Tirosinasi (P14679 katika UniProt), kimeng'enya cha kutengeneza rangi ya ngozi, ndiyo inayowachanganya wengi. Seli T hutambua YMDGTMSQV, lakini nafasi ya 369 hadi 377 imeandikwa YMNGTMSQV. Hapo hakuna kosa la uchapaji: asparajini (N) hiyo hubeba sukari, na kimeng'enya kinapoiondoa sukari, asparajini hugeuka kuwa asidi aspatiki (D). Jeni peke yake isingekuonyesha badiliko hilo, kwa hiyo herufi moja ikikataa kulingana, kagua kwanza sehemu za protini zinazobeba sukari.

MAGE-A1, antijeni nyingine ya melanoma iliyotangazwa mwaka 1991, haihusiani na rangi ya ngozi. Katika tishu za kawaida za mtu mzima jeni yake hunyamaza, isipokuwa kwenye korodani. Kwa antijeni za namna hii, angalia pia protini inatengenezwa katika tishu zipi.

Mwisho, linganisha aina ya HLA. Protini inaweza kujaa kwenye uvimbe, lakini mgonjwa asipokuwa na HLA inayoshika kipande hicho, seli T hazitakiona.