SOMO: Kupima shughuli za mwili na nguvu unayotumia kwa siku

Wakuu, swali hili naletewa kwenye meseji kila mara, naliandika hapa liishe. Atakayeniuliza tena nitamtumia linki tu.

1. Jipime uzito asubuhi, kabla ya chai.

2. Vaa kihesabu hatua kiunoni. Simu inafaa ikikaa mfuko wa suruali, siyo kwenye pochi.

3. Siku saba mfululizo, Jumapili ikiwemo.

4. Daftari. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kifaa kinasoma mtikisiko, hakijui mzigo wala mlima. Mama anayepanda mlima wa Kibosho, huku Kilimanjaro, na majani ya ng'ombe kichwani anaandikiwa hatua zile zile za anayetembea mikono mitupu tambarare ya Soweto, mtaa wa Moshi mjini. Saa ya mkononi nayo ina balaa lake: ukifua nguo inaweza kuhesabu hatua. Kwa hiyo andika kazi gani, dakika ngapi, na pumzi ilikuwaje. Ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, hiyo ni ya wastani. Maneno machache tu na pumzi imekata, ni nzito. ANDIKA SIKU HIYO HIYO! Ukisubiri Ijumaa ukumbuke ya Jumatatu, utajipendelea.

5. Hesabu: MET × kilo × saa. MET ni kipimo cha kazi ni mara ngapi ya kutulia: MET 1 ni mwili uliotulia, takriban kilokalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Kutembea tambarare karibu kilomita 5 kwa saa ni kama 3.5. Mtu wa kilo 70 akienda dakika 40 anapata kilokalori 163. Humo, 47 angezitumia hata akikaa, zitoe.

MASWALI

— Simu imesoma 12,000, nimechoma ngapi?

Kilo zako? Mlima au tambarare? Rudi namba 4.

— Mkuu, si madaktari ndio waliosema hatua 10,000?

Hapana, ilianza na biashara ya vihesabu hatua Japani miaka ya 1960. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki.

— Shikamoo mwalimu. Ni kweli watu wa porini wanatumia nguvu nyingi kuliko sisi wa ofisini?

Marahaba, swali zuri hilo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipimwa, matokeo yakachapishwa 2012. Unakunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito (uzito wake umezidi ya kawaida, ndiyo maana zinafuatilika), kisha mkojo unapimwa siku kadhaa. Haidrojeni inatoka na maji tu, oksijeni inatoka na maji pamoja na hewa chafu unayoitoa ukipumua. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha nguvu iliyotumika. Wanatembea kuliko Wamarekani, ila ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya siku ilikaribiana. Kwa hiyo namba 5 isikupe ruhusa ya chapati ya tatu.

— Mizani ya yule kijana wa stendi inaaminika?

Jipime bila kitu, kisha ukiwa umebeba katoni ya maji, chupa 12 za lita 1.5. Tofauti iwe kilo 18 na kidogo ya plastiki.

— Akikataa?

Mlipe mara mbili.