Kimbunga kimekuharibia nyumba Florida? Unavyodai bima na siku walizonazo kukujibu

Hii ni kwa wabongo, wakenya na wengine wetu wenye nyumba Florida, maana kila msimu wa vimbunga swali ni lile lile, nimeripoti kampuni ya bima iko kimya nifanyeje. Kampuni inabanwa na siku kisheria, ila siku zenyewe zinaanza kuhesabiwa wanapopokea taarifa yako, sio paa lilipong'oka. Kwa hiyo usilale.

Kwanza piga picha na video kabla hujagusa kitu, paa, dari, kuta, friji na namba yake ya siriali. Halafu funika palipo wazi kwa turubai na tunza risiti, mkataba wako unakutaka uzuie hasara isiongezeke, ukiacha mvua iendelee kuingia eti unamsubiri adjasta (mkadiria hasara wa kampuni) watakuja kukukatalia sehemu hiyo. Kapeti iliyolowa kama lazima uitupe, kata kipande ukiweke kwenye mfuko.

Pili ripoti. Simu sawa, ila ukikata tu tuma na imeili: jina, namba ya mkataba, tarehe ya kimbunga, nini kimeharibika, na uombe namba ya klemu (dai lako). Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye klemu daftari ndo hiyo imeili. Mwisho wa kuripoti ni mwaka 1 tangu kimbunga kilipotua nchi kavu, mfano kimbunga Milton kilitua Siesta Key Oktoba 9, 2024, so aliyekaa mpaka Novemba 2025 imekula kwake. Ukishafungua klemu kisha ukagundua uharibifu mwingine, una miezi 18 kutoka tarehe hiyo hiyo ya kutua.

Sasa zamu yao. Ndani ya siku 7 lazima wakiri wamepokea klemu. Ukishawapa fomu ya uthibitisho wa hasara (ijaze mapema jamani, wengi wanakwama hapa) wana siku 30 kuja kukagua kama ukaguzi unahitajika. Makadirio ya adjasta wakutumie ndani ya siku 7 tangu yatengenezwe, ukiyapata yasome mstari kwa mstari, ukiona chumba kizima hakimo andika siku hiyo hiyo. Na ndani ya siku 60 tangu wapokee taarifa yako walipe au wakatae, yote au sehemu, isipokuwa wamezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wao. Wakichelewa kulipa wanadaiwa na riba. Siku hizo 60 zilikuwa 90 mpaka sheria ilipobadilishwa Desemba 2022, ukisoma maelezo ya zamani utachanganyikiwa.

Hela ikija pungufu usiwake kwanza, angalia kiasi unachobeba mwenyewe. Kwa kimbunga mara nyingi ni asilimia, nyumba yenye bima ya dola 300,000 kwa asilimia 2 unabeba 6,000 za kwanza. Na maji ya mafuriko hayamo kwenye bima ya kawaida ya nyumba, hayo yana bima yake na fomu yake ya hasara ndani ya siku 60.

Bado hamuelewani? Pigia Idara ya Huduma za Fedha ya Florida, 1-877-693-5236, uombe usuluhishi, gharama inabeba kampuni ya bima sio wewe. Binafsi ningeanzia hapa kabla ya kukimbilia adjasta wa kumwajiri mwenyewe (public adjuster), yule anakata chake kwenye malipo yako, japo kwa klemu za dharura iliyotangazwa na gavana sheria inamwekea kikomo cha asilimia 10 mwaka wa kwanza. Kesi iwe ya mwisho kabisa, tena lazima utoe notisi siku 10 za kazi kabla ya kufungua, na kwa mikataba ya sasa hata ukishinda usitegemee kampuni imlipe wakili wako kama ilivyokuwa zamani.