Jinsi ya kuuona mwanga ukitanuka kwenye mwanya wa nyembe mbili

Hili jaribio unalifanya geto usiku huu huu, na umeme ukikatika ndio safi zaidi maana giza unapewa bure. Tafuta kileza chekundu, vile wamachinga wa Kariakoo wanauza, nyembe mbili, solotepu, rula, kipande cha boksi na karatasi moja ya A4.

Toboa boksi, laza nyembe juu ya tundu makali yakitazamana, simamisha kipande cha A4 katikati, zisogeze taratibu mpaka ziguse karatasi pande zote mbili, piga solotepu ndio uchomoe karatasi. Hapo karatasi ndio imekupimia: rimu ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo mwanya wako ni kama milimita 0.1.

Bana leza katikati ya vitabu isitikisike, ipitishe mwanyani mpaka ukuta wa mita 3. Usichungulie kwenye leza wala kummulika mtu machoni, hata kwa utani.

Mwanya umesimama wima, ila ukutani mwanga umetawanyika kulia na kushoto! Katikati doa kali la kama sentimita 4, pembeni giza, halafu madoa madogo yanayofifia. Sasa bana nyembe kidogo tena: doa linazidi kupanuka. Hapa ndipo mimi huwa narudia rudia, yaani unaunyima nafasi na wenyewe ndio unatanuka.

Mwanga ni wimbi. Redio ya jirani unaisikia koridoni bila kuiona sababu sauti inapinda mlangoni, mawimbi yake ni marefu, ya mwanga ni mafupi mno ndio maana yanataka mwanya mwembamba hivi. Pale penye giza, mawimbi ya nusu moja ya mwanya yamefika yakiwa kinyume na ya nusu nyingine, kilele kwa bonde, yakafutana.

Kupata urefu wa wimbi la leza yako, pima toka katikati ya doa kubwa hadi giza la kwanza, zidisha kwa upana wa mwanya, gawanya kwa umbali wa ukuta. Mfano, vyote kwa milimita, 19.5 × 0.1 ÷ 3000 ni milimita 0.00065, yaani nanomita 650, na leza nyingi nyekundu zimeandikwa hiyo hiyo.

Ukimaliza toa nyembe, weka unywele mmoja mbele ya leza. Madoa yanarudi, na kwa kuwa urefu wa wimbi unao tayari, geuza hesabu upate unene wa unywele wako.